Mwanza si mbali, ila njia ndiyo ndefu

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Kwa miaka mingi nimeutumia msemo huo darasani kuwaonya wanafunzi wenye mazoea ya kudanganya. Haikunipitikia akilini kwamba ipo siku mwanafunzi wangu mwenyewe angenilazimisha niutazame kwa jicho jingine.

Ilikuwa katika shule moja ya upili hapa Migori, darasa la Kidato cha Nne. Tulikuwa tumefika katika ile mada ya hisabati ambayo wengi huiogopa, yaani longitudo na latitudo. Nilikuwa nimeandika ubaoni swali la kawaida: ndege inaondoka mji A, inaelekea mashariki kwa kasi fulani hadi mji B, je, itafika saa ngapi? Kijana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono.

"Mwalimu, kutoka hapa Migori hadi Mwanza ni mwendo wa muda gani kwa ndege?"

"Hakuna ndege itokayo hapa kwenda Mwanza," nikamjibu, huku nikiendelea kuandika.

"Samahani, mwalimu," akasema kwa adabu. "Sikuuliza kama ipo. Nimeuliza ingechukua muda gani."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Hata hivyo, moyoni nilijua kuwa nimechomwa pahali penye kidonda. Miji A na B nilikuwa nimeipigia hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini hesabu ya mji ninaoishi na mji niliokuwa na kila sababu ya kuujua sikuwahi kuifanya. Sababu yenyewe nitaieleza baadaye. Kwanza, mpenzi msomaji, niruhusu nilipe deni la yule kijana, maana swali la mwanafunzi likiachwa bila jibu hugeuka kuwa somo baya: humfundisha kwamba maswali ya kwao si ya maana.

Tuanze nyumbani. Miji ya Migori na Homa Bay ilikuwa zamani chini ya wilaya moja, Nyanza Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Leo kila mmoja ni makao ya kaunti yake. Ukiitazama ramani, utaona kuwa miji hii miwili iko karibu kabisa juu ya mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 34 na nusu hivi mashariki mwa Greenwich. Homa Bay iko katika latitudo ya dakika 32 kusini mwa Ikweta, nayo Migori iko katika digrii 1 na dakika 4 kusini. Tofauti ni dakika 32. Na hapa ndipo penye siri ambayo mabaharia na marubani wameitegemea tangu zamani: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Kwa hiyo, kunguru akiruka moja kwa moja kutoka Migori hadi Homa Bay atasafiri maili 32 za baharini, yaani kilomita 59. Abiria wa matatu, ambaye hana budi kupitia Rongo, atasafiri takriban kilomita 70. Si tofauti ya kumliza mtu.

Sasa tuvuke maji. Uwanja wa ndege wa Entebbe, nchini Uganda, uko dakika 3 kaskazini mwa Ikweta, katika longitudo ya digrii 32 na dakika 27 mashariki. Homa Bay iko digrii 34 na dakika 27. Kutoka kusini kwenda kaskazini tofauti ni dakika 35. Kutoka mashariki kwenda magharibi tofauti ni digrii 2 kamili, yaani dakika 120. Kwa kuwa tuko juu ya Ikweta hasa, ambapo dakika ya longitudo inakaribia kulingana na dakika ya latitudo, na kwa kuwa masafa si makubwa kiasi cha kuupa mviringo wa dunia nafasi ya kutupotosha, tunaweza kuichukulia safari hii kuwa upande mrefu wa pembetatu yenye pembe mraba. Mzee Pythagoras anatutosha. Zidisha 35 kwa 35, upate 1,225. Zidisha 120 kwa 120, upate 14,400. Jumla ni 15,625, na namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta jumla hiyo ni 125. Haizidi wala haipungui!

Walimu wenzangu, hebu niambieni: ni kitabu gani cha hisabati kilichowahi kutupa mfano ulionyooka hivi? Maili 125 za baharini ni kilomita 231 na nusu. Ndege ndogo ya rafadha iendayo maili 150 za baharini kwa saa, ambayo ni kasi ya kadiri tu kwa ndege za aina hiyo, ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 50. Tukiongeza muda wa kupanda na kutua, tuseme saa moja. Na abiria hangehitaji kugeuza saa yake, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania hutumia saa moja, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu. Jua lenyewe, ambalo halijui mikataba ya serikali, huchelewa dakika 8 tu kutoka Homa Bay hadi Entebbe, kwani kila digrii ya longitudo ni dakika 4 za muda.

Swali la kijana wangu lilikuwa juu ya Mwanza, nalo jibu lake linakaribia kuwa lilo hilo. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini, digrii 32 na dakika 56 mashariki. Migori iko digrii 1 na dakika 4 kusini, digrii 34 na dakika 28 mashariki. Tofauti ni dakika 83 upande mmoja na dakika 92 upande wa pili. Mwanafunzi mwenye bidii na akokotoe. Atapata maili 124 za baharini, yaani kilomita 230. Hizo nazo ni dakika 50.

Linganisha sasa na mji mkuu wetu. Kutoka Migori hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 263. Kutoka Homa Bay hadi Nairobi ni kama kilomita 277. Kwa maneno mengine, mtu wa Migori yuko karibu zaidi na Mwanza kuliko Nairobi, na mtu wa Homa Bay yuko karibu zaidi na Entebbe kuliko Nairobi. Niliposema hivyo darasani siku iliyofuata, wanafunzi walinitazama kama kwamba nimetoa siri ya serikali. Walikuwa wameiona ramani ya Afrika Mashariki ukutani tangu utotoni, lakini macho yao yalikuwa yamefundishwa kukomea mpakani.

Basi ni nini kinachotokea mtu wa Migori anapotaka kweli kusafiri kwa ndege hadi Mwanza? Kiwanja kipo, cha Lichota, kama vile Homa Bay nayo ina kiwanja chake cha Kabunde. Lakini viwanja hivi havina ndege za abiria zenye ratiba ya kwenda nchi jirani. Ndege inayovuka mpaka haina budi kuondoka na kutua pale penye maafisa wa uhamiaji, wa forodha na wa afya. Kwa hiyo msafiri aghalabu huelekea kwanza Nairobi, kilomita 263 upande wa mashariki, kisha hurudishwa magharibi kilomita zipatazo 460 hadi Mwanza. Jumla ni zaidi ya kilomita 720 ili kufika mji ulio kilomita 230. Wa Homa Bay aendaye Entebbe atazunguka karibu kilomita 800. Ni kama mtu anayetaka kumwamkia jirani wa ng'ambo ya ua, akalazimika kwenda kwanza kwa chifu, kisha arudi kwa barabara nyingine. Na ukijumlisha saa za kusubiri viwanjani, siku imekwisha.

Ndiyo maana wengi wetu hatupandi ndege, tunapanda gari. Na hapa natimiza ahadi yangu ya kueleza kwa nini swali lile lilinichoma.

Dada yangu mkubwa aliolewa Mwanza. Si ajabu, Wajaluo tuko pande zote mbili za mpaka, kama walivyo Wakuria, na ndoa zetu hazikuwahi kuomba ruhusa kwa wachora ramani. Mnamo mwaka 2009 shemeji alinipigia simu alfajiri akaniambia kuwa dada amezidiwa, na kwamba ananiulizia. Saa mbili asubuhi nilikuwa kituoni. Nilipanda matatu hadi Isebania, nikavuka mpaka kwa miguu hadi Sirari, nikapata basi. Basi lile lilingoja lijae. Lilipojaa likaondoka, likapita Tarime, likavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, na tulipoipita Bunda gurudumu likapasuka. Gurudumu la akiba halikuwa na upepo. Tulikaa kando ya barabara, mbuga ya Serengeti ikiwa upande mmoja na Ziwa upande wa pili, tukingoja gurudumu jingine liletwe. Niliingia Mwanza saa mbili usiku. Dada alikuwa amefariki saa kumi na moja jioni.

Saa kumi na mbili. Barabara yenyewe ni takriban kilomita mia tatu, na kwa siku njema isiyo na mkosi huchukua muda mfupi zaidi ya huo. Simlaumu dereva, wala sisemi kwamba ndege ingemponya dada yangu. Ninachosema ni kuwa ningemkuta. Kwa miaka yote iliyofuata sikuthubutu kupiga hesabu ya Migori na Mwanza, kwa sababu nilijua, pasipo kuipiga, kuwa jibu lake litaniuma. Kijana yule alinipigisha. Liliuma kweli: dakika 50.

Labda msomaji atasema kuwa hayo ni maombolezo ya mtu mmoja, na kwamba eneo hili halijawahi kuwa na usafiri wa namna hiyo. Historia inasema kinyume. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilipoanzisha huduma yake ya kwanza ya ndege kutoka London kuja Afrika Mashariki, kituo cha mwisho hakikuwa Nairobi. Kilikuwa Mwanza. Ndege zenye uwezo wa kutua majini zilishuka Port Bell, zikaja Kisumu, kisha zikaelekea Mwanza. Chukua rula uchore mstari kutoka Kisumu hadi Mwanza; utauona mstari huo ukipita jirani kabisa na mji wa Homa Bay. Miaka zaidi ya tisini iliyopita, barua ya Mwingereza ilikuwa na njia fupi kuzunguka Ziwa hili kuliko niliyokuwa nayo mimi mwaka 2009.

Fauka ya hayo, Ziwa lenyewe lilikuwa barabara. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, iliunganisha Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, na vyombo vidogo vilifika Homa Bay na Kendu Bay. Angani palikuwa na shirika la pamoja, East African Airways, lililoundwa mwaka 1946. Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la ndege likafa, meli zikagawanywa, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo sita, Sirari na Isebania, ambazo mtu huweza kutoka moja hadi nyingine kabla chai yake haijapoa, zilikuwa mbali kuliko London. Kila nchi ilijenga shirika lake la ndege, na kila shirika likazielekeza njia zake zote katika mji mkuu wake. Hivyo ndivyo sisi wa kando ya Ziwa tulivyogeuka kuwa watu wa pembeni, ilhali tulikuwa katikati.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000. Mwaka huo huo wa 1999, nchi za Afrika zilikubaliana kwa Azimio la Yamoussoukro kufungua anga zao, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Hatuna upungufu wa maazimio. Meli ya Victoria nayo ilikarabatiwa na kurejea majini. Katika mipaka ya nchi kavu, vituo vya pamoja, ambapo msafiri hukaguliwa na pande zote mbili mahali pamoja, vimejengwa Busia na pia Isebania na Sirari. Hayo ni mema na yastahili sifa. Lakini abiria wa ndege kutoka Kenya kwenda Tanzania au Uganda bado huhesabiwa kuwa msafiri wa kimataifa, na ada anazotozwa ni za kimataifa, hata kama safari yake ni fupi kuliko ya kwenda Nairobi.

Nakiri kwamba hoja ya upinzani ina uzito. Wataalamu watasema kuwa abiria hawatoshi. Kwamba ndege hula mafuta mengi zaidi wakati wa kupaa, hivyo safari fupi huwa ghali kwa kila kilomita. Na kwamba kuweka maafisa wa uhamiaji na forodha katika kila kiwanja kidogo ni gharama isiyo na faida. Wataongeza kuwa mvuvi wa Homa Bay na mkulima wa tumbaku wa Migori hawana nauli ya ndege. Yote hayo ni kweli, nami sidai ndege kubwa itue Lichota kesho.

Hata hivyo, kutokuwa na abiria na kutokuwa na njia ni kama kuku na yai. Nani atawahesabu abiria wa njia isiyokuwapo? Wafanyabiashara wa samaki, wanafunzi wa vyuo, wagonjwa wanaotafuta matibabu, na maelfu ya watu wenye ndugu upande wa pili wanasafiri kila siku, ila wanasafiri kwa basi na hakuna rubani anayewaona. Uwanja wa Kisumu tayari una hadhi ya kimataifa. Ndege moja ndogo ikizunguka Kisumu, Entebbe na Mwanza mara chache kwa wiki ingekuwa mwanzo wa kutosha. Homa Bay na Migori zingefika Kisumu kwa barabara asubuhi. Na palipo na maji, mashua ya kisasa yenye usalama ingewafaa wengi wasioweza ndege. Miji ya London na Paris imetengana kwa kilomita kama 340 na bahari katikati, tena ni miji ya mataifa yaliyopigana vita karne kwa karne. Tangu mwaka 1994 treni hupita chini ya bahari hiyo, na leo abiria hutumia muda usiotimia saa mbili na nusu. Waliamua kwanza kuwa wao ni majirani, ndipo wakachimba.

Uamuzi wa namna hiyo huanzia darasani. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi walimu na wanafunzi kabla ya kuwaandikia mawaziri. Mtoto anayefundishwa umbali kwa miji A na B, au kwa London na New York peke yake, atakua akiamini kwamba hesabu ni mambo ya watu wengine. Mtoto aliyejipimia mwenyewe kuwa Mwanza ni dakika 50 atauliza kwa nini yeye hutumia siku nzima, na akiwa mkubwa, pengine akiwa ofisini penye maamuzi, ataendelea kuuliza. Swali hilo lina thamani kuliko alama kumi za mtihani.

Kwa hiyo natoa zoezi. Mwalimu, tundika ramani ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi, twaa bikari, ipanue kwa kipimo cha kilomita 230, weka ncha yake juu ya mji wenu, uchore duara. Orodhesha miji yote iliyomo, pasipo kuuliza kwanza ni ya nchi gani. Kisha, kando ya kila jina, andika safu mbili: muda ambao ndege ndogo ingetumia, na muda ambao mzazi wako hutumia kweli. Tofauti kati ya safu hizo mbili haikuwekwa na Mungu alipoumba Ziwa. Tumeiweka sisi, nasi tunaweza kuipunguza.

Ama kuhusu njia ya mwongo, nimeufikiria tena msemo ule. Mstari ulionyooka kwenye ramani ni mfupi, na asiyekuwa mwangalifu atadhani kwamba unamdanganya. Mimi nimeupiga hesabu mara tatu, darasa langu likishuhudia, na kila mara namba zimetoka zile zile. Kama yupo msomaji anayezitilia shaka, kalamu na karatasi ni zake.